Maumivu Baada ya Kisu: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulieleza kwa nini dawa za kisasa za usingizi humzindua mgonjwa mapema. Leo tuyatazame maumivu yanayoamka pamoja naye.

Mkulima wa viazi wa Dundori akipasuliwa ngiri mjini Nakuru, katika hospitali ambayo wengi bado huiita PGH (Provincial General Hospital), huenda akalazwa usingizi kwa propofoli. Dawa hiyo humwachia fahamu dakika chache baada ya kusimamishwa, ila haitulizi maumivu hata kidogo. Kazi hiyo ni ya dawa za jamii ya afyuni, nazo hazilingani.

Remifentanili ndiyo fupi kuliko zote. Vimeng'enya vya damu na misuli huivunja hata kiwango chake hupungua nusu kwa dakika tatu au nne, iwe imetiririshwa nusu saa au saa sita. Mgonjwa hurudi kupumua mwenyewe upesi, jambo jema. Lakini ikikatwa, nafuu huisha kabla hajafikishwa wodini, na dozi kubwa huweza kuufanya mwili uhisi uchungu zaidi. Fentanili, iliyobuniwa na Paul Janssen wa Ubelgiji mwaka 1960, hushika kwa dakika moja au mbili, na dozi ndogo hudumu nusu saa hadi saa moja.

Mofini ni ya taratibu. Ikichomwa mshipani huchukua kama dakika 20 kufikia kilele, kisha hudumu saa tatu hadi tano. Miligramu 10 zake hukaribia nguvu za maikrogramu 100 za fentanili, kwa hiyo kinachozitenganisha hasa ni muda. Ndiyo maana nasisitiza: mofini itangulie, ichomwe jeraha halijashonwa. Kungoja mgonjwa alie ni kumtesa bure.

Pethidini singeichagua. Hudumu saa mbili au tatu tu. Ikiandikwa kila saa sita, nusu ya siku mgonjwa hana kinga. Tena mabaki yake hurundikana mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu, na yanaweza kuleta degedege. Tramadoli hupatikana kwa urahisi zaidi, lakini hutegemea ini kuigeuza, na wapo ambao maini yao huigeuza kidogo mno.

Kwa mama anayezalishwa kwa upasuaji chini ya sindano ya mgongo, maikrogramu 100 za mofini zikiongezwa katika sindano ileile huweza kumpa nafuu karibu siku nzima. Wanaoiogopa mofini husema itazuia pumzi. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni muuguzi anayehesabu pumzi za mgonjwa, na nalokisoni, dawa ya kuzima nguvu za mofini, iliyo karibu. Parasetamoli, diklofenaki kwa asiye na tatizo la figo au vidonda vya tumbo, na ganzi jerahani hupunguza kiasi cha mofini kinachohitajika.

Basi kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, muulize mtoa usingizi: nikizinduka nitakuwa na dawa gani mwilini, itaisha saa ngapi, na nikipanda matatu kurudi Dundori nitameza nini usiku?