Kuku Hajafika, Mechi Imekwisha

Jioni ya tarehe 12 Novemba 2004, Wakorea wengi walipiga simu mapema kuagiza kuku wa kukaanga. Kule kuku na mechi huenda pamoja kama kahawa na kashata. Ilikuwa nusu fainali ya ligi ya StarCraft, mchezo wa vita wa kompyuta, na wa kusonga mbele ni yule atakayetangulia kushinda mapambano matatu. Waliokutana walikuwa vijana wawili ambao kila mshabiki alikuwa na la kusema juu yao. Hesabu ya tumbo ilikuwa nyepesi: kuku atafika pambano la kwanza likiwa limepamba moto, ataliwa katika la pili na la tatu, na mifupa itatafunwa taratibu mpaka la tano.

Kuku alipobisha hodi, mechi ilikuwa imeshakwisha.

Ndivyo kisa kinavyosimuliwa. Chumvi imo, maana haiwezekani kila nyumba ya Korea Kusini iliagiza kuku usiku ule, lakini mapambano matatu kweli yalimalizika kwa kasi ya aibu. Miaka ishirini imepita na bado kinasimuliwa. Kinachonishangaza ni kwamba mechi yenyewe haikuwa nzuri. Katika jamii ya mashabiki wa StarCraft, iliyojaa mechi ndefu za kukata pumzi, mbona simulizi inayodumu kuliko zote ni ya hii iliyokuwa fupi, ya upande mmoja, na iliyowaudhi watazamaji? Nadhani jibu liko katika desturi zao za kusimulia, na desturi hizo zina asili yake.

StarCraft ilitengenezwa na kampuni ya Blizzard ya Marekani, ikatoka mwaka 1998. Korea Kusini ilikuwa imetoka kupigwa na msukosuko wa fedha wa 1997. Viwanda na mabenki vilipunguza watu, na baadhi ya waliopoteza kazi walichukua kiinua mgongo chao wakafungua pisi bang. Bang ni chumba kwa Kikorea; pisi bang ni chumba cha kompyuta, unalipia kwa saa. Ukiingia unakuta safu za skrini, harufu ya tambi za kikombe na vijana wasiotaka kurudi nyumbani. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha gemu cha Kariakoo au Kisauni, akisubiri zamu yake ya kushika padi huku waliomtangulia wakitaniana, hatahitaji maelezo zaidi. Tofauti ni kwamba kule intaneti ya kasi ilifika mapema, kwa hiyo kijana wa Busan aliweza kumchapa kijana wa Seoul bila hata mmoja kupanda treni.

Mwaka 1999 chaneli moja ya katuni ilianza kuonyesha mapambano hayo kwenye runinga. Mwaka uliofuata ikazaliwa chaneli ya michezo ya kompyuta peke yake, OnGameNet. Hapo ndipo tatizo la msimulizi lilipojitokeza. Mtangazaji wa mpira ana miguu, jasho, nyasi na mwamuzi wa kumlaumu. Huyu ana nini? Vijana wawili wamekaa kila mmoja kwenye kibanda chake, nyuso zimekauka, vidole vinakimbia. Kwenye skrini vinatambaa vitu vidogo kama siafu. Mama aliyeketi sebuleni akifuma sweta ataelewaje kwamba hapo kuna mtu anaangamia?

Ufumbuzi ulikuja na watu watatu walioketi nyuma ya meza moja kwa miaka mingi: Jeon Yong-jun, Eom Jae-kyung na Kim Tae-hyung. Jeon alikuwa koo. Akianza kupiga kelele, hata asiyejua mchezo alijua kwamba sasa kimenuka. Kim alikuwa mchambuzi aliyependa mno meli kubwa za kivita za Protoss, moja ya makabila ya mchezo huo, akizitabiri hata pale ambapo hakuna dalili yake. Mashabiki wakaamini pia kwamba akikubashiria ushindi umekwisha. Wa muhimu kwangu ni Eom. Huyu alitokea kwenye fani ya kuandika hadithi za vitabu vya katuni, na alilichukua kila pambano kama sura ya hadithi iliyoanza zamani. Wachezaji aliwaona kama wahusika. Mashabiki walimtania kwamba kazi yake ni kufunga vifurushi: hata mechi iliyododa ataikunjia karatasi ya rangi na utepe mpaka uitamani. Utani huo una sifa ndani yake. Bila vifurushi vyake, wale siafu wangebaki siafu.

Watazamaji nao walijiwekea taratibu. Wasichana walichora mabango ya karatasi ngumu yenye majina na vijembe, wakikaa ukumbini saa nyingi ili kamera ipite mbele yao mara moja. Kabla pambano halijaanza, upande mmoja huhesabu kwa sauti hana, dul, set, kisha jina la mchezaji na neno la kumtia moyo. Upande wa pili hujibu. Wachezaji waliishi pamoja katika nyumba ya timu, wadogo wakiwaheshimu wakubwa kama wafanyavyo nyumbani, wakifanya mazoezi kuanzia asubuhi hadi usiku.

Iko pia ada ya kushindwa, na hii ndiyo niipendayo kupita zote. Mchezaji akiona maji yamezidi unga, haondoki kimyakimya. Huandika herufi mbili, gg, kifupisho cha Kiingereza cha kukiri kwamba mchezo ulikuwa mzuri, ndipo anatoka. Katika mashindano rasmi karibu kila maandishi mengine yalikatazwa, isipokuwa herufi za kuomba mchezo usimame kwa hitilafu. Ukiongeza herufi nyingine, hata kwa kuteleza kidole, unaweza kuhesabiwa umeshindwa. Kwa hiyo maneno yote ya pambano la saa nzima hukusanyika katika herufi hizo mbili. Watazamaji huzisubiri kama sisi tunavyosubiri kipenga cha mwisho, lakini kipenga hupulizwa na mwamuzi. Hizi huandikwa na anayeumia.

Sasa wahusika wetu. Lim Yo-hwan, aliyecheza kwa jina la BoxeR, alitumia kabila la Terran, la binadamu na bunduki zao. Mashabiki walimwita Mfalme. Wakati Terran ilionekana kabila dhaifu yeye alishinda kwa ujanja, akishusha askari kwa ndege za uchukuzi mahali ambapo hakuna aliyewatarajia. Hong Jin-ho, YellOw, alitumia Zerg, kabila la wadudu wanaozaana, na jina lake la sifa lilikuwa Tufani kwa jinsi alivyoshambulia bila kupumzika. Mwaka 2001 walikutana fainali. Lim akashinda mapambano matatu kwa mawili. Hong akafika fainali nyingine, akashika nafasi ya pili. Na nyingine, ya pili. Katika ligi kubwa mbili za runinga hakuwahi kutwaa ubingwa hata mara moja.

Mashabiki waliubatiza ushindani wao Imjinrok. Im ni namna nyingine ya kutamka ukoo wa Lim, Jin limetoka katika Jin-ho, na majina hayo yakiungana na silabi rok yanatoa anwani ya masimulizi ya kale ya Korea kuhusu uvamizi wa Wajapani ulioanza mwaka 1592. Aliyebuni jina hilo alistahili kulipwa mshahara. Silabi tatu tu, na ugomvi wa vijana wawili wa pisi bang unasimama katika safu moja na vita vya mababu.

Kufikia 2004 kulikuwa na kuni nyingine motoni: Lim alikuwa nahodha wa timu ya SK Telecom, Hong alichezea KTF, na hizo ni kampuni za simu zilizokuwa zikigombea wateja wale wale. Julai ya mwaka huo fainali ya timu ilichezwa kwenye ufukwe wa Gwangalli huko Busan, na ikatangazwa kwamba waliohudhuria walifika 100,000. Huo ndio ulikuwa upana wa masikio yaliyosubiri usiku wa Novemba.

Ili kuonja uchungu wenyewe, mambo mawili yatatosha. Mchezaji wa Zerg hupenda kufungua kiota cha pili mapema kabla ya kutengeneza wapiganaji. Ni kamari: ukiachwa dakika chache unatajirika, ukiguswa huna wa kukulinda. La pili, Terran anaweza kujenga bunka, kibanda cha chuma kinachoingiza askari wanne wakafyatua risasi kutoka ndani. Kwa kawaida bunka hujengwa nyumbani kwa kujilinda. Ukienda kuijenga mlangoni kwa jirani, nia yako inajulikana.

Pambano la kwanza, Hong akafungua kiota cha pili. Lim akatoka na askari wachache na vibarua wake, watu wa kuchimba madini, akawavusha uwanja mzima. Bunka ikaanza kuota kando ya kiota. Hong akawatoa vibarua wake machimboni wakapigane kwa meno, na kila kibarua anayepigana ni kibarua asiyechimba. Askari wakaingia bunka. Kiota kikaanza kuvuja damu. Gg.

Watu walicheka na kupiga makofi. Mfalme ameanza kwa ujanja, vizuri, sasa tuone mechi.

Pambano la pili, uwanja mwingine, na bunka ile ile. Gg.

Hapo, nadhani, ndipo ukumbi ulipobadilika hali. Mwizi akiingia kwa mlango ule ule siku mbili mfululizo, siku ya tatu mwenye nyumba atalala na rungu mlangoni. Ndivyo kila mtu alivyowaza, na bila shaka Lim alijua wanawaza hivyo. Hong alikuwa na kila sababu ya kuwa mwoga. Akaamua kwamba hakuna mwenye uso mkavu wa kurudia mara tatu, tena katika nusu fainali, tena mbele ya taifa. Akafungua kiota cha pili.

Bunka ikaja.

Mimi naliona pambano la tatu kuwa ushairi, na wapo watakaoniona mjinga. Hasira zilikuwa kubwa. Wako waliosema Lim amelinyima taifa mechi, amewapora wadhamini jioni yao, amemdhalilisha rafiki. Wengine walijibu kwamba sheria haikuvunjwa na ushindi ni ushindi. Ubishi huo haujawahi kupata hakimu. Siku chache baadaye Lim alicheza fainali dhidi ya Choi Yeon-sung, kijana aliyemlea mwenyewe ndani ya timu, akafungwa matatu kwa mawili, akalia mbele ya kamera. Waliokuwa wakimtukana wakakosa pa kuyaweka matusi yao.

Mechi nzuri husifiwa halafu ikapisha nyingine; hii iliacha deni, na deni halisahauliki. Jamii hii hujua pia kuadhibu kwa kunyamaza. Mwaka 2010 ilipogundulika kwamba baadhi ya wachezaji waliuza mechi, mmoja wao bingwa mkubwa kabisa, shirikisho la michezo ya kompyuta liliwafungia maisha na kuyafuta mataji yao kwenye kumbukumbu. Mapambano ya bingwa yule yalikuwa ya kusisimua kuliko bunka yoyote. Leo anayetaka kuyasimulia huanza kwa kuomba radhi.

Hong alifanyiwa kinyume chake. Aliposhindwa, watu waliichukua nafasi yake ya pili wakaifanya desturi. Namba 2 ikawa namba yake. Wakamwita Kong, yaani punje ya maharage, kwa udogo wa umbo, na wachezaji wengine waliokuwa wakiishia fainali wakahesabiwa kuwa wa ukoo wa Kong. Tarehe 22 ya mwezi wa 2 ikageuka sikukuu yake, na ilipofika tarehe 22 Februari 2022, kalenda nzima ikionekana kuwa imechongwa kwa ajili yake, utani ulifurika kotekote. Anayeandika jambo lolote kumhusu Hong hutakiwa kuliandika mara mbili, neno kwa neno. Asiyejua desturi hudhani kompyuta imekwama.

Yeye mwenyewe ameupokea utani huo na kuufuga. Mwaka 2013 alishinda shindano la akili la runinga liitwalo The Genius, akashika nafasi ya kwanza hatimaye, na watu walifurahi huku wakinung'unika kidogo kwamba ameharibu hadithi. Siku hizi yeye na Lim wote ni wacheza karata za poka.

Kila Hong anapotokea kwenye runinga, yuko mtu atakayemuuliza kama amekwisha kula kuku. Kila Hong anapotokea kwenye runinga, yuko mtu atakayemuuliza kama amekwisha kula kuku.