Alama ya Shaba: Namna ya Kuchagua Kitabu cha Kujazia Risasi

Msomaji mmoja wa Eldoret, mpigaji shabaha mwenye leseni, ameuliza ni kitabu kipi cha rejea kinachomfaa mtu anayejifunza kujaza upya maganda ya risasi, kwa kuwa viwili alivyovipitia vinatofautiana kuhusu risasi ya aina ileile. Swali hilo lina mahali pake hasa Eldoret, kwani karibu na mji huo ndipo kilipo kiwanda cha risasi cha Kenya Ordnance Factories Corporation, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1997, ambalo kiwanda chake kilijengwa kwa ufundi wa kampuni ya FN Herstal ya Ubelgiji. Kiwandani risasi hupimwa kwa mitambo; mjazaji wa nyumbani hana mtambo, na kila anachokijua kuhusu nguvu iliyomo ndani ya ganda amekipata kwa watu waliompimia na kumwandikia. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hudhibiti risasi kama inavyodhibiti bunduki, kwa hiyo kibali hutangulia kitabu.

Maelezo ya fataki, yaani kiwashio kidogo kilicho kwenye kitako cha ganda, ya baruti na ya kichwa cha risasi yanafanana katika vitabu vyote vya maana, hivyo hayasaidii kuchagua. Kinachotenganisha kitabu na kitabu ni kanieneo, yaani kani inayosukuma kila kipande cha eneo, na hasa njia iliyotumika kuipima. Neno kanieneo lastahili kushikiliwa badala ya shinikizo, kwa kuwa limebeba kanuni yake ndani yake: kani hugawanywa kwa eneo.

Kwa muda mrefu kanieneo ilipimwa kwa shaba. Mtutu wa majaribio hutobolewa tundu, tunduni huwekwa pistoni, na juu ya pistoni husimamishwa kipande kidogo cha shaba ambacho upande wake wa pili umezuiwa kwa chuma kisichosogea. Bunduki inapofyatuliwa, gesi huisukuma pistoni, nayo huibana shaba ikafupika. Fundi huupima ufupi huo kwa mikromita, kisha hutazama katika jedwali kani iliyohitajika kuileta shaba katika hali hiyo. Jedwali hilo, hata hivyo, hutengenezwa kwa kuibana shaba polepole, ilhali ndani ya mtutu kilele cha kanieneo huja na kupita katika muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Mwenye kutaka kuielewa tofauti hiyo na azitazame njia za udongo wa Iten baada ya mvua, wanakofanyia mazoezi wakimbiaji. Anayesimama juu ya tope huzama kidogo kidogo, na alama ya wayo wake huonyesha uzito wake wote. Anayepita kwa kasi huikanyaga ardhi kwa kani inayozidi uzito wake mara mbili au zaidi, lakini mguu huinuka kabla tope halijapata nafasi ya kukubali, kwa hiyo anayekuja nyuma na kuisoma alama kwa kipimo cha waliosimama atasema kwamba aliyepita alikuwa mwepesi. Shaba nayo husomwa vivyo hivyo: alama yake ni ya kweli, ila ni alama ya mguu wa haraka iliyotafsiriwa kwa jedwali la mguu uliosimama, na kadiri kilele kinavyopita upesi ndivyo usomaji unavyopungua.

Njia mpya hutumia fuwele ya aina ya kwatzi, ambayo ikibanwa hutoa chaji ya umeme inayolingana na kani iliyoibana, tabia iliyogunduliwa na ndugu Jacques na Pierre Curie nchini Ufaransa mwaka 1880. Fuwele haiachi alama ya mwisho tu. Hufuata kupanda na kushuka kwa kanieneo tangu mwanzo hadi mwisho, na mstari mzima ukaonekana. Ndiyo sababu SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1926, huiwekea risasi ya .308 Winchester, iliyo karibu sana na ile ya kijeshi ya milimita 7.62 kwa 51, mipaka miwili: vizio 52,000 vya shaba, na pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba kwa fuwele. Mipaka hiyo ni ya risasi moja, na hakuna kizidisho kimoja kinachogeuza kizio cha shaba kuwa pauni kwa risasi zote. Anayesoma vizio vya shaba akidhani ni pauni hulinganisha vitu viwili visivyolingana.

Kwa kigezo hiki, vitabu vya Lyman vina faida, kwa kuwa huandika kanieneo kando ya vipimo vyao vingi, hali vya Hornady, vilivyo bora kwa maelezo ya vichwa vya kampuni hiyo, huorodhesha kasi bila kanieneo. Kwa mkazi wa Eldoret, mji ulio mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako uzito wa hewa umepungua kwa karibu sehemu moja ya tano, kitabu chenye majedwali ya kurekebisha njia ya risasi kulingana na mwinuko kinafaa zaidi, ingawa mwinuko huo haubadilishi chochote cha maana ndani ya ganda.

Msomaji na awe na vitabu viwili vya matoleo ya karibuni, kimoja cha mtengenezaji wa baruti anayoitumia na kingine cha mtengenezaji wa kichwa cha risasi, na vinapotofautiana aanze na kiwango cha chini. Kitabu kisichotaja mtutu, ganda na fataki zilizotumika katika majaribio hakifai kununuliwa.