Kocha wa timu ya wasichana ndiye tabibu wa kwanza

Jumamosi moja jioni, nikikaribia kufunga zahanati yangu hapa Githurai 45, aliletwa msichana wa miaka 20 akichechemea katikati ya wenzake wawili. Wote watatu walikuwa bado wamevaa jezi. Nyuma yao alifuata mamake, muuza mboga sokoni, aproni ingali kiunoni. Goti la kushoto la msichana lilikuwa limefura.

Alinieleza kwamba aliruka kudaka mpira uliogonga ubao, akatua bila kuguswa na mtu, kisha akasikia kitu kikilia "tap!" ndani ya goti. Kwenye benchi alipakwa dawa ya kuchua, akaambiwa atembeetembee, na baada ya dakika kumi akarudishwa uwanjani. Alipogeuka kumfuata mpinzani, goti lilimkunjika akaanguka.

"Daktari, atacheza tena?" mamake aliuliza. "Karo yake inalipwa na huo mpira."

Siku mbili baadaye, naibu kocha wa timu hiyo alikuja kuniona. Hakuja kujitetea. Alikaa, akavua kofia, akauliza: "Daktari, ningefanya nini?" Makala ya leo ni jibu nililompa, na ninawapa pia wazazi na makocha wengine wanaosoma ukurasa huu.

Barabara ya Thika ina vyuo kadhaa vyenye timu za wasichana za mpira wa vikapu. USIU-Africa ina Flames, Zetech ya Ruiru ina Sparks, na Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kina timu yake. Katika ligi, wanafunzi hawa wamekuwa wakipambana na timu za mashirika makubwa kama KPA ya Mombasa na Equity. Mashabiki hutazama vikapu. Mimi hutazama benchi la ufundi, yaani kocha mkuu, naibu wake, meneja wa timu na mtaalamu wa viungo kama yupo. Mchezaji akiumia, hao ndio hufika kwanza, dakika nyingi kabla ya daktari yeyote.

Goti

Ndani ya goti mna kano inayofunga mfupa wa paja na ule wa muundi usiteleze mbele. Kano hii hukatika mtu anaposimama ghafla, anapogeuka au anapotua vibaya. Katika mpira wa vikapu wasichana huikata mara mbili hadi nne kuliko wavulana, na mara nyingi hutokea bila mtu kugongwa. Sababu ni nyingi: wengi hutua goti likiwa limenyooka au likiingia ndani, misuli ya nyuma ya paja huwa dhaifu ikilinganishwa na ya mbele, na wasichana wengi hawakufundishwa mazoezi ya nguvu tangu wakiwa wadogo.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya majeraha haya huzuilika. Utafiti uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba mazoezi maalumu ya kupasha mwili yanaweza kupunguza kukatika kwa kano hii kwa wasichana kwa karibu nusu. Yanachukua dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa wiki, na hayahitaji mashine. Wachezaji wachuchumae huku magoti yakielekea vidole vya miguu. Wasimame kwa mguu mmoja. Waruke na kutua polepole kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa. Kisha wapige magoti, mwenzao akiwashika vifundo vya miguu, na wainame mbele taratibu ili misuli ya nyuma ya paja ipate nguvu. Yaanze kabla ya msimu na yasiachwe katikati. Kazi hii inamfaa naibu kocha.

Goti likishaumia, mchezaji atoke na asirudi siku hiyo. Funga barafu ndani ya kitambaa, uiweke kwa dakika 15 hadi 20, kisha fungia bandeji na uinue mguu. Dawa za moto na kuchua zingoje siku mbili tatu, kwa maana huongeza uvimbe. Goti likifura ndani ya saa chache, chukulia kwamba kuna damu ndani yake, umpeleke hospitalini. Picha ya eksirei ikionekana safi usidanganyike, kwani huonyesha mifupa wala haionyeshi kano. Si kila goti hupasuliwa, lakini aliyepasuliwa asirudi mchezoni kabla ya miezi tisa. Anayerudi mapema hujiweka katika hatari kubwa ya kuumia tena.

Hedhi na sahani

Nilimwuliza yule msichana swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza kwenye timu: hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini? Alihesabu kwa vidole. Miezi minne ilikuwa imepita. Tulipima mimba, haikuwapo. Asubuhi alikuwa akinywa chai na mandazi moja, mchana chipsi, jioni mazoezi ya saa mbili, kisha analala bila chakula cha maana kwa sababu aliambiwa apunguze uzito.

Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayofanya huanza kufunga milango. Hedhi hukoma, mifupa hudhoofika na kupasuka nyufa ndogo, majeraha huchelewa kupona na nguvu huisha. Madaktari wa michezo walianza kuipa hali hii jina rasmi mwaka 1992, na mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa mwongozo kuihusu. Wapo makocha wanaosema hedhi ikikoma ni dalili kwamba mchezaji anafanya mazoezi ya kutosha. Hilo si kweli. Msichana akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, amwone daktari.

Wengine wana shida kinyume cha hiyo: hedhi nzito inayowaondolea damu. Kocha humwona msichana anahema mapema na kudhani ni mvivu. Kipimo cha damu humaliza ubishi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kiwango kilicho chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu wa damu, na huku kwetu, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kiwango hicho huongezwa kidogo. Sokoni Githurai dawa nyingine iko kwenye fungu: managu, terere, ndengu, maharagwe na omena, pamoja na maini kila inapowezekana. Kula na chungwa au kamulia ndimu, ili mwili uyafyonze madini ya chuma. Chai ingoje saa moja baada ya chakula kwa kuwa huyazuia. Vidonge vya chuma usinunue kabla ya kupimwa.

Kocha asiwapime wasichana uzito mbele ya wenzao. Habari za hedhi zishughulikiwe na mwanamke aliye kwenye benchi, na zibaki kwake na kwa daktari.

Kichwa na moyo

Anayegongwa kichwa kisha akaonekana kuduwaa, akasahau matokeo, akayumba au akalalamika kwamba kichwa kinamuuma, hata kama hakuzirai, atolewe na asirudi siku hiyo. Atarudi hatua kwa hatua, kwa ruhusa ya daktari. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kiasi, akipata kifafa, au maumivu yakizidi, hospitalini mara moja.

La moyo ni nadra lakini halingoji. Mnamo Julai 2023, Bronny James, mwanafunzi wa chuo kikuu cha USC huko Marekani, alianguka mazoezini moyo wake ukiwa umesimama. Wahudumu wa timu walimshughulikia papo hapo, akapona, na Desemba mwaka huo huo akarudi kucheza. Alisaidiwa na watu waliokuwa pale pale uwanjani wakijua la kufanya.

Mchezaji akianguka bila kugongwa, haitikii wala hapumui vizuri, usimmwagie maji. Mtume mtu mmoja apige simu 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Wewe bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Kama chuo kina mashine ya kushtua moyo, iletwe. Kila dakika inayopita bila mashine hiyo hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Ukikumbuka msongamano wa magari kwenye mzunguko wa Githurai, utajua kwa nini usingoje ambulensi ikiwa umekunja mikono. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza. Kila mtu wa benchi apitie mafunzo hayo.

Uaminifu

Hili ni la afya pia. Kocha ndiye anayeamua nani acheze, na pengine nani abaki na ufadhili wa karo. Mamlaka hayo yanaweza kutumiwa vibaya. Mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch lilitangaza madai ya unyanyasaji wa kingono wa wasichana katika mpira wa vikapu nchini Mali, na rais wa shirikisho la dunia, FIBA, aliyewahi kuongoza shirikisho la Mali, akajiweka kando uchunguzi ukiendelea. Hapa Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamgusa pia mwalimu au mfanyakazi wa taasisi ya elimu anayetumia cheo chake vibaya. Basi mchezaji asichuliwe misuli na mwanamume akiwa peke yake chumbani, na timu isisafiri bila mlezi mwanamke. Aliyedhulumiwa anaweza kupiga 1195 bila malipo.

Maswali ya mzazi

Mzazi ambaye binti yako ameitwa kwenye timu ya chuo, nenda ukamwone kocha na umwulize kwa heshima. Nani hupasha wasichana mwili, na kwa muda gani? Nani hubeba sanduku la huduma ya kwanza? Binti yangu akianguka, atapelekwa hospitali gani, na kwa gari gani? Ni mwanamke yupi anayeweza kuzungumza naye? Kocha mwema hatakasirika.

Yule msichana alipigwa picha maalumu ikaonekana kano imekatika. Alipasuliwa, na sasa yuko mwezi wa tano wa mazoezi ya kulirudishia goti nguvu. Hedhi yake imerejea baada ya sahani kubadilika. Chuo kilikubali kuendelea kumlipia karo, baada ya naibu kocha kuandika barua na kwenda kuitetea mwenyewe ofisini. Siku za mazoezi msichana huyo huketi kwenye benchi na saa mkononi, akihesabu zile dakika 20 za kupasha mwili, na hakuna anayeruhusiwa kugusa mpira kabla hazijaisha.