Siri ya Mjane na Hesabu ya Serikali



Wengi wetu tumesikia orodha ya msaada ikisomwa kwa sauti mbele ya watu: jina la mjane, idadi ya watoto wake, hata ugonjwa wake. Jioni mtaa mzima unajua. Lakini tukiuliza fedha za madini ya eneo letu zimetumika namna gani, tunaambiwa ni siri ya Serikali. Hapo mambo yamepinduliwa.

Katiba yetu ya 2006 inatusaidia kuyarudisha mahali pake. Kifungu cha 31 kinalinda maisha ya faragha ya kila mtu. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Kifungu cha 58 kinawapa Wakongomani wote haki ya kufaidi utajiri wa taifa, na Serikali wajibu wa kuugawa kwa haki. Tukivisoma pamoja tunaelewa hivi: mnyonge asitiriwe, mwenye mamlaka atoe hesabu. Mipango ya ulinzi wakati wa vita ina siri yake. Mapato ya mgodi hayana.

Je, utajiri wa nchi unaweza kumfikia kila mtu? Katika jimbo la Alaska, Marekani, sehemu ya mapato ya petroli huwekwa katika mfuko wa wote. Tangu 1982 mkaaji wa kudumu, hata mtoto, hupata fungu lake kila mwaka. Haulizwi kama ni maskini, kwa hiyo halazimiki kufunua aibu yake ili apate.

Wengine watasema fedha ya bure huzaa uvivu, na kwamba Paulo aliwaonya Wathesalonike. Ni kweli, lakini alimwonya anayekataa kufanya kazi, si mama aliyefukuzwa shambani na vita. Mana jangwani ilikuwa ya kila hema.

Kwetu bado hatujafika huko. Hata hivyo, Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha, ile redevance, kwa ajili ya miji, komini, sekta na usultani ambako madini yanachimbwa. Kabla ya kuota fungu la kila nyumba, tuulize kwa heshima na bila woga: asilimia hiyo imeingia kiasi gani, na imejenga nini?

Lakini tutauliza kwa uso gani kama sisi wenyewe tunaficha? Paulo alipopeleka mchango Yerusalemu alifuatana na ndugu wengine, ili asilaumiwe juu ya fedha ile. Basi tuanzie nyumbani. Hesabu ya sadaka ibandikwe mlangoni pa kanisa. Daftari la wajane likae kwa mashemasi, lifungwe.

Bwana atupe mikono safi na midomo inayotunza siri za wadogo wake.