Mahindi ya mpakani: Chunga kuvu usiyoiona

Ukifika Busia au Malaba msimu wa mavuno nchini Uganda, utakuta malori yamepanga foleni, na wenye baiskeli na bodaboda wakivusha gunia moja moja. Mahindi hayo ni riziki ya wengi, na bila hayo bei ya unga ingetutoa jasho sisi wa mijini. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza yalikaushwa wapi, na kwa siku ngapi?

Swali hili liliwahi kusimamisha biashara. Mnamo Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, hasa ile iitwayo aflatoksini. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja.

Usimlaumu jirani, hata hivyo. Mwaka wa 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyokuzwa huko huko na kuwekwa ghalani yakiwa na unyevu.

Ukungu ukishika ua lako la chungu pale sebuleni, unakata jani lenye madoa, unapunguza maji, na mambo yameisha. Kwa mahindi si hivyo. Kuvu hii, Aspergillus flavus, hukaa udongoni, hushambulia mmea shambani hasa wakati wa ukame, kisha huendelea ghalani palipo na joto na unyevu. Hata ikifa, sumu yake hubaki ndani ya punje. Kuchemsha hakuiondoi, wala kusonga ugali kwa moto mkali. Tena punje inaweza kuonekana safi kabisa na bado iwe na sumu.

Aliyekula sumu nyingi hutapika, huumwa na tumbo, macho yake hugeuka manjano na miguu kuvimba. Mkimbize hospitalini, lakini ujue kwamba hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini. Daktari hulisaidia ini tu. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huzidi sana kwa mwenye virusi vya hepatitisi B. Kwa hivyo chanjo ya hepatitisi B, ambayo watoto wetu wamekuwa wakipewa tangu 2001, ni kinga hapa pia.

Basi ufanyeje ukinunua gunia? Mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Huna mashine ya kupimia? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga na utikise vizuri, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi ni mabichi bado. Yaanike juani juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, na uyaingize ndani kabla ya mvua ya alasiri, ambayo watu wa Busia wanaijua vizuri. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kabla ya kupeleka kwa kinu, chambua. Ondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi. Ni kazi ya kuchosha, lakini sehemu kubwa ya sumu imo katika hizo chache. Kukoboa pia husaidia. Unga wa posho unaosagwa na kila kitu chake haupati nafuu hiyo. Njugu karanga nazo uzichambue vivyo hivyo.

Kwa mkulima, kuna Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya mwaka wa 2015. Hii ni kuvu ya jamii ile ile isiyotoa sumu, ambayo humwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, ikaifukuza ile mbaya.

Na yale yaliyooza? Wengine huwapa ng'ombe, wengine hupikia busaa. Ng'ombe ataipitisha sumu katika maziwa anayokunywa mtoto wako, na kuchachusha busaa hakuiondoi. Yafukie.