Moyo Unapodunda, Mashine Husoma Nini?

Mwalimu akiandika neno 'paa' ubaoni bila sentensi, mwanafunzi mmoja ataona mnyama wa porini, mwingine ataona mabati ya nyumba, na wa tatu ndege anayeruka angani. Hakuna aliyekosea. Kilichokosekana ni muktadha.

Neno hilo hunijia kila nisomapo habari za michezo ya kompyuta inayobadilika kufuata hali ya mwili wa mchezaji. Mnamo 1998 iliuzwa nchini Japani Tetris 64, pamoja na kidude cha kubana sikioni kilichopima mapigo ya moyo. Mwaka wa 2015 ukatoka Nevermind, mchezo wa kutisha uliobuniwa na Mmarekani Erin Reynolds, ambao humtesa mwenye hofu. Katika jikoni moja, maziwa hufurika kadiri wahaka wa mchezaji unavyozidi. Akituliza pumzi, hupungua. Nakiri kwamba nausifu. Unamfunza mtu kuutawala moyo wake, jambo ambalo sisi walimu hulihimiza kwa maneno matupu.

Hata hivyo, mapigo ya haraka ni 'paa' tu. Moyo humwenda mbio aliyeogopa, aliyefurahi, hata aliyetoka kupanda ngazi. Jasho la vidole, ambalo vihisi vingine hulipima, nalo halisemi limetokana na nini. Katika mchezo wa kutisha mbunifu amekwisha kuiandika sentensi nzima, hivyo kukisia kwamba neno lililobaki ni 'hofu' si kazi ngumu. Nje ya mchezo huo, sentensi itaandikwa na nani?

Kampuni ya Nintendo ilitangaza mwaka 2009 kihisi cha kuvalishwa kidoleni, lakini haikukiuza. Mnamo 2013 rais wake wa wakati huo, Satoru Iwata, alieleza kuwa majaribio yalionyesha hakikuwafaa baadhi ya watu. Hakuridhika na chombo cha kuwafaa watu 90 katika 100. Alitaka kiwango cha juu zaidi. Hapo nilimheshimu, maana huo ulikuwa mchezo tu.

Sasa tuseme vyombo hivi viletwe shuleni kupima usikivu wa watoto. Katika darasa la wanafunzi 50, kwa kiwango alichokikataa Iwata, watano wangesomwa visivyo, kisha waandikiwe ripoti ya kupelekewa wazazi. Mimi ningeanza kwa kuwauliza hao watano.