Usalama wa Mhudumu wa Wagonjwa Majumbani: Wajibu wa Anayetuma

Huduma ya kuwauguza wagonjwa majumbani si jambo geni katika sharika zetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vitanda vya hospitali havikutosha, hata kazi ya uuguzi ikarudi nyumbani kwa mgonjwa. Leo dawa za kufubaza virusi zimeibadili hali hiyo, lakini mhudumu hajapumzika. Wako wazee waliopooza kwa kiharusi, wako wenye kisukari waliokatwa miguu, wako wagonjwa wa saratani waliorudishwa nyumbani kumalizia siku zao. Anayewaendea mara nyingi ni mama mmoja mwenye mkoba, mwavuli na simu, naye huenda peke yake.

Juu ya mgonjwa mengi yamekwisha kusemwa. Makala hii inakusudia kueleza habari za yule anayemwendea, na hasa swali hili: ni nani mwenye wajibu wa kuhakikisha kwamba amerudi salama?

Nianze kwa kukiri. Nilipokuwa mchungaji wa usharika mmoja wa milimani, kabla ya kuitwa kufundisha, mhudumu wetu alikwenda kumsafisha vidonda mzee mmoja. Mwana wa mzee huyo alikuwa amelewa. Akafunga mlango kwa komeo, akadai aonyeshwe fedha za baba yake zilipofichwa. Mama yule alizuiliwa mle tangu saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku, jirani alipopita kumjulia hali mzee. Kesho yake nilipopata habari, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Mama, kwa nini ulikwenda peke yako?" Akanijibu kwa upole, "Baba Mchungaji, si wewe uliyenituma?"

Kwa saa tano hapakuwa na mtu hata mmoja katika usharika aliyejua kwamba mama huyu hajarudi. Sisi tulikuwa katika kikao cha halmashauri, na nadhani tulikifunga kwa sala ya kuwaombea watumishi.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 imo amri fupi ambayo wahubiri huiruka. Mtu ajengaye nyumba mpya aagizwa kuzungusha ukingo juu ya dari, ili mtu akianguka, damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Dari za Palestina zilikuwa bapa, watu wakikaa na kulala juu yake. Tuangalie amri inamwelekea nani. Haimwambii apandaye kuwa mwangalifu, ingawa bila shaka yampasa. Inamwelekea mwenye nyumba, kabla hajaanguka mtu yeyote. Aliye na uwezo wa kuweka kizuizi ndiye anayedaiwa damu.

Wapo watakaosema kwamba mtumishi wa Mungu hulindwa na Mungu. Ni kweli, nasi twaomba hivyo. Lakini katika Mathayo 4 hoja ya kwamba malaika watamchukua mtu asijikwae haikutoka kinywani mwa Bwana, bali kwa mjaribu, naye Bwana aliikataa kwa kuwa ni kumjaribu Mungu. Luther aliifuata njia hiyo hiyo. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini yeye alibaki akiwahudumia wagonjwa, hata nyumba yake ikawa kama hospitali. Mwaka huo huo alimwandikia Johann Hess, mchungaji wa Breslau, waraka juu ya swali kama Mkristo aweza kuikimbia tauni. Aliwakemea wanaoacha wajibu wao kwa hofu. Aliwakemea pia wanaodharau dawa na tahadhari kwa kisingizio cha imani. Sisi wa mapokeo yake tumezoea kuihubiri nusu ya kwanza ya waraka huo.

Yatupasa sasa kuuliza nyumba ina hatari gani ambayo zahanati haina. Zahanatini mhudumu ndiye mwenyeji. Nyumbani kwa mgonjwa yeye ni mgeni: huvua viatu mlangoni, huketi anapoonyeshwa, hawezi kuchagua nani aingie. Hajui kama mbwa amefungwa. Hajui ndugu gani wamegombana juu ya shamba, naye huweza kujikuta kati yao. Mwanamume wa nyumba aweza kumtaka kwa maneno au kwa mikono. Vijiti vikikosekana usiku uleule, yeye ndiye aliyeonekana chumbani, kwa maana fedha za mzee zikipotea hashukiwi mwana, hushukiwa mgeni. Tena ipo safari yenyewe, ya pikipiki au ya miguu, kwenye njia ambayo giza huingia mapema wakati wa mvua.

Bwana aliwatuma sabini wawili wawili (Luka 10:1). Hilo lingekuwa jibu rahisi, ila sharika nyingi zina mhudumu mmoja tu. Hata hivyo ziara ya kwanza katika nyumba yoyote haina udhuru: waende wawili, mmoja wao akiwa mzee wa kanisa wa mtaa huo, nao waulize waziwazi nani anaishi pale, nani hulewa, kama kuna mbwa, na simu hushika wapi. Nyumba ikionekana ya mashaka, iendewe na wawili siku zote, au mgonjwa aletwe penye usalama.

Kwa ziara nyingine, kinachohitajika ni daftari na mtu. Mhudumu huandika anakwenda wapi, ametoka saa ngapi, atarudi saa ngapi. Nasisitiza neno "mtu", kwa sababu daftari peke yake haliokoi. Nchini Uingereza fikra za usalama wa wafanyao kazi peke yao zilisukumwa sana na msiba wa Suzy Lamplugh, dalali wa nyumba aliyetoweka London mwezi Julai 1986 alipokwenda kukutana na mteja. Jina la mteja alikuwa ameliandika katika kitabu chake cha miadi. Hakuonekana tena. Wazazi wake walianzisha mwaka huo huo taasisi yenye jina lake, inayofundisha jambo hili hadi leo. Basi awepo mmoja aliyetajwa kwa jina, ambaye saa ya kurudi ikipita hupiga simu. Asipopata jibu katika nusu saa humpigia mwenyekiti wa kitongoji au balozi wa karibu na nyumba ile. Na isipotosha, huenda na watu, huku polisi wakiarifiwa. Asiogope kuonekana ana wasiwasi wa bure.

Hapa twakutana na ugumu wa kweli, nao ni siri ya mgonjwa. Anayeishi na virusi vya UKIMWI hapendi jina lake likae ofisini ambamo kila mwanakwaya huingia. Ni haki yake. Njia mojawapo ni kutumia namba: daftari la mezani huonyesha "nyumba ya 14", na orodha ya namba na majina hufungiwa kabatini, ufunguo ukiwa kwa mtunza daftari peke yake. Mgonjwa naye aambiwe tangu mwanzo kwamba yupo mtu mmoja anayejua mhudumu alipo.

Mhudumu apewe pia ruhusa ya kuondoka. Viatu aviache vikielekea nje, aketi karibu na mlango, na mlango ukifungwa kwa ufunguo aombe ufunguliwe. Akipiga simu na kusema, "Mwambie mama mchungaji asinisubiri kwa chai," mtunza daftari ajue maana yake bila kuuliza zaidi. Akiiacha ziara katikati kwa hofu, asihojiwe kama mtoro. Akichomwa na sindano, aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, aende kituo cha afya siku ileile, kwa kuwa dawa za kukinga maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzwa kabla saa 72 hazijapita, nazo humezwa siku 28. Akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha apelekwe kupata chanjo.

Neno moja kwetu sisi wachungaji. Mhudumu akishambuliwa au akinajisiwa, msukumo wetu wa kwanza ni kuwaita wahusika ofisini na kuwapatanisha, hasa kama mkosaji ni mwana wa mzee wa kanisa. Hiyo ni jinai. Mahali pake ni polisi na hospitali, bila kukawia, na mchungaji amsindikize aliyeumizwa. Wala tusijitetee kwamba yeye hujitolea tu, hana mkataba nasi: Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019, juu ya ukatili na unyanyasaji kazini, unawataja wanaojitolea, na unahesabu nyumba binafsi kuwa mahali pa kazi pale kazi inapofanyika humo.

Katika usharika ule, baada ya tukio lile, mhazini alipinga fungu la fedha za muda wa maongezi wa mhudumu, akisema halikuwamo katika bajeti. Tuliliingiza chini ya "ukarabati wa majengo". Mama yule aliendelea na huduma miaka minne zaidi, na kila alipotoka alisimama mezani pa karani wetu mpaka aone saa yake ya kurudi imeandikwa.